Makachu ya Mdogo Wangu

Anayetazama makachu, ule mchezo wa kujirusha baharini kutoka ukutani, pale Forodhani, Unguja, macho yake humfuata mrukaji akiwa hewani. Mimi nikimkumbuka mdogo wangu naanzia chini, kwenye maji, maana ndiko alikoanzia yeye. Alikuwa mdogo kuliko wote ukutani, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, na mtaani walimwita mtoto asiye na woga. Kwangu mimi, sifa yake kubwa ilikuwa jicho.

Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 4; siku za maji mafu haifiki hata nusu ya hapo. Tena bamvua la Unguja lina bahati yake kwa watoto: maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, skuli zimeshatoka. Wiki moja baadaye, saa ileile, maji yamekupwa. Asiyelijua hilo ataruka kwa ushujaa uleule na kuvunjika miguu.

Mdogo wangu hakuwa na jedwali la maji. Alikuwa na mstari wa mwani ulioota ukutani. Alikuwa akilala kifudifudi, kidevu ukingoni, akiutazama. Maadamu unaonekana, haruki. Ukishazama, aliwaacha wakubwa watangulie, kisha humuuliza kila anayepanda: "Kaka, umegusa chini?" Mmoja akisema amegusa, anarudi kulala palepale. Nami nikimhimiza, hujibu bila kugeuka: "Bado, kaka."

Halafu zamu yake hufika. Hatua chache za mbio, mguu mmoja ukingoni, mikono juu. Wengi hukosea hapa: hujikunja kabla mguu haujamaliza kusukuma, wakaangukia karibu na ukuta. Yeye alisukuma mpaka vidole vya mguu vikanyooka, akapaa mbele, ndipo akayakumbatia magoti. Mwili uliokunjwa huzunguka kasi, ulionyooshwa huzunguka polepole, na mwili mfupi ndio wenye nafuu zaidi. Kutoka mita 3 mtu huyafikia maji kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Ndani ya muda huo ajikunje, apinduke, ajue maji yako wapi, ajifungue. Wenzake wengi walifumba macho. Yeye aliyakodoa, akayatafuta maji, akiyaona tu ananyoosha miguu na kuingia wima, mikono imebana mapajani. Maji hayakuruka sana. Huibuka akicheka, akitema chumvi, na moyo wangu ukajaa furaha ambayo mpaka leo sijui niilinganishe na nini.

Wanaosema hakuwa na woga wanampunja. Kuruka ilikuwa sehemu fupi ya kazi yake. Sehemu ndefu ilikuwa kule kulala ukingoni na kuuliza, na hiyo hakuna aliyemshangilia. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, ombi langu ni moja: mpeleke kwanza ukutani maji yakiwa yamekupwa, aone kwa macho yake kilichoko chini.