Four Tops: Kiongozi na Wapokezi Wake

Katika somo la Fasihi Simulizi tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba wimbo wa kundi una pande mbili: kiongozi anayeanzisha, na wapokezi wanaoitikia. Hata hivyo, tunaposahihisha kazi zao tunakuta kurasa tatu juu ya kiongozi na mstari mmoja juu ya wapokezi. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya uhakiki wa namna hiyo. Mfano wetu ni wa mbali kidogo: Four Tops, kundi la waimbaji wa muziki wa soul kutoka Detroit, Marekani.

Kundi hili lilikuwa na vijana wanne: Levi Stubbs, Abdul Fakir, Renaldo Benson na Lawrence Payton. Walianza kuimba pamoja katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, wakahangaika kwenye kumbi za starehe kwa takriban miaka kumi, hadi walipojiunga na kampuni ya Motown mwaka 1963. Hapo walikutana na watunzi watatu, Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland, na mwaka 1965 wimbo wao "I Can't Help Myself" ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Aghalabu wahakiki humsifu Stubbs, na anastahili. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini watunzi walimpangia nyimbo juu ya kimo chake cha kawaida, ili alazimike kujikaza. Ndiyo maana tunamsikia kama mtu anayesihi, wakati mwingine akiacha kuimba na kusema tu. Sikiliza "Reach Out I'll Be There" wa mwaka 1966, uliofika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Mwimbaji anamwahidi mtu aliyekata tamaa kwamba atamsaidia, ilhali sauti yake mwenyewe inakaribia kukatika.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaomtazama Stubbs peke yake. Ahadi hiyo tunaiamini kwa sababu ya wapokezi. Kiongozi anapoyumba, wao wametulia. Anapopaza sauti, wao wanampokea kwa mpangilio uleule. Ondoa kiitikio, utabaki na mtu anayepiga kelele peke yake. Huu ndio urithi wa uimbaji wa kupokezana katika makanisa ya Wamarekani Weusi, ambao mizizi yake tunaifahamu vyema hapa Afrika: dhiki ya mmoja hubebwa na wengi.

Isitoshe, wapokezi hawakuwa wanaume watatu tu. Katika rekodi nyingi za Motown sauti za juu ziliongezwa na wanawake watatu walioitwa The Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Majina yao hayakuandikwa kwenye majalada. Mamilioni ya watu waliwasikia bila kuwajua.

Hatusemi kwamba kazi ya Four Tops haina dosari. "It's the Same Old Song" ulitoka mwaka huohuo wa 1965, na unafanana mno na ule uliotangulia. Hata anwani yake inakiri hivyo. Kufikia mwaka 1968 watunzi wale watatu walikuwa wameachana na Motown, na kundi likabaki likitafuta nyimbo za kuimba. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba Benson alishiriki kutunga "What's Going On", lakini wenzake waliukataa wakiuona kuwa wimbo wa maandamano. Marvin Gaye aliurekodi, ukatoka mwaka 1971, na ukawa miongoni mwa nyimbo kuu za karne ile. Safari hii mpokezi alianzisha, kundi likakosa kumpokea.

Pamoja na hayo, jambo moja linawapa heshima ya pekee. Wakati Motown ilipotanguliza majina ya viongozi wa makundi mengine, kama Diana Ross wa Supremes mwaka 1967, Stubbs hakutaka jina lake litangulizwe mbele ya wenzake. Wanne hao walibaki pamoja bila kubadilika hadi Payton alipofariki mwaka 1997. Benson alifuata mwaka 2005, Stubbs mwaka 2008, na Fakir, wa mwisho wao, mwaka 2024.

Tunahitimisha kwa ombi kwa walimu wenzetu na kwa wanafunzi. Mnapokwenda nyanjani kukusanya nyimbo, msimrekodi kiongozi tu na kuandika "wengine wanaitikia". Waulizeni majina yao, andikeni wanachoitikia na wakati wanapoitikia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Stubbs alilijua hilo kuliko waliomsifu.