Shahidi Asiye na Jina: Tahakiki ya Vichwa vya Habari vya Watu Mashuhuri

Mnamo Februari 1987 gazeti la The Sun la Uingereza lilimtuhumu mwanamuziki Elton John kwa mambo ya aibu. Kichwa cha habari kililifunga jina lake na kashfa bila hata neno moja la shaka. Na shahidi mkuu, aliyekuwa amelipwa fedha, alifichwa nyuma ya jina "Graham X". Baadaye shahidi huyo alikiri kwamba alitunga. Tarehe 12 Desemba 1988 gazeti liliomba radhi katika ukurasa wake wa kwanza, likakubali kulipa pauni 1,000,000.

Tukiuchunguza uandishi wa namna hii, twaona sehemu mbili zinazotegemeana. Kichwa cha habari hutoa hukumu. Chanzo kisichotajwa humwondolea mwandishi mzigo wa kuthibitisha. Magazeti yetu ya udaku nayo yana msamiati huo: "mtu wa karibu naye", "inadaiwa", "yafichuka". Msomaji hukumbuka herufi kubwa, akasahau "inadaiwa" iliyomo ndani.

Hatusemi kwamba kila chanzo kilichofichwa ni cha uongo. Katika kashfa ya Watergate, gazeti la Washington Post lilimsikiliza mtu ambaye jina lake, Mark Felt, halikujulikana rasmi hadi mwaka 2005. Lakini jambo lile lilihusu matumizi mabaya ya madaraka, na maneno yake yalipimwa kwa ushahidi mwingine. Faragha ya mwimbaji si jambo la namna hiyo.

Luther, akieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba asiyethubutu kusimama mbele ya wenye mamlaka na kulithibitisha neno lake, imempasa kunyamaza. Kumbukumbu la Torati 19:15 nalo ladai mashahidi wawili au watatu. Shahidi asiyeweza kuulizwa swali hatimizi hesabu hiyo.

Hapo ndipo tahakiki hii inapotugeukia sisi wenyewe. Ni mara ngapi katika baraza la wazee mashtaka dhidi ya mwinjilisti au msharika yameanza kwa "watu wanasema"? Twashauri kwamba mchungaji akiletewa neno kama hilo aulize kwanza: ni nani aliyesema, na je, yu tayari kulisema mbele ya mtuhumiwa? Anayeogopa kudhuriwa asikilizwe faraghani, na ushahidi utafutwe. Pasipo na msemaji wala ushahidi, neno hilo lisiandikwe katika kumbukumbu za baraza.