Lau Benedek Angalishinda

Otto von Bismarck alipoachishwa uwaziri mkuu mwaka 1890, alikwenda kukaa shambani kwake na kuandika kumbukumbu zake, nazo zikachapishwa mwaka 1898, mwaka uleule aliofariki. Nimezisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, tena si mara moja. Yule bwana alikuwa na kalamu, hilo halina ubishi. Lakini ninayo lawama. Anaposimulia vita vya mwaka 1866, Prussia na Italia upande mmoja, Austria na wakuu wengi wa Ujerumani upande wa pili, msomaji hutoka akiamini kuwa mambo yote yalikuwa yakimngoja yeye tu ayatie mkono. Ni kitabu ambacho karibu hakina "ngali" ndani yake.

Walimu wa lugha watanielewa. Kiswahili kina "angeshinda" na kina "angalishinda". Katika la kwanza mlango ungali wazi. Katika la pili umekwisha fungwa, lakini twajua kwamba palikuwa na mlango. (Siku hizi watu huyachanganya, hata magazetini, nami nimechoka kusahihisha.) Mwalimu wa historia asiyeijua "ngali" humfanya mwanafunzi aamini kuwa mshindi aliandikiwa ushindi tangu tumboni mwa mamaye. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, kila mwaka nilikutana na jibu lile lile: Prussia ilishinda kwa sababu ilikuwa na nguvu. Ukiuliza twajuaje kwamba ilikuwa na nguvu, utaambiwa, si ilishinda?

Haya, tuzitazame siku zenyewe. Tarehe 7 Mei 1866 kijana mmoja, Ferdinand Cohen-Blind, alimfyatulia Bismarck risasi katika barabara ya Unter den Linden mjini Berlin. Bismarck alinusurika, akarudi nyumbani kwa miguu. Sitaki kujenga ghorofa juu ya bastola moja, basi tupite.

Vita vilipoanza mwezi Juni, Waprussia walikuwa na bunduki ya Dreyse, iliyotiwa risasi kwa nyuma, na askari aliweza kuijaza akiwa amelala kifudifudi. Mwaustria alikuwa na bunduki ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, kama magobori tuliyoyaona kwa wawindaji wetu, na ilimbidi asimame. Vitabu vya shule hukomea hapo. Havisemi kwamba mizinga ya Austria ilikuwa bora, wala kwamba tarehe 27 Juni, pale Trautenau, Waaustria walishinda, ingawa walipoteza watu wengi kuliko walioshindwa.

Tarehe 3 Julai, karibu na Königgrätz katika Bohemia, zilikutana nafsi zaidi ya laki nne. Asubuhi ile ni majeshi mawili tu ya Prussia yaliyokuwa mbele ya Jemadari Benedek. Jeshi la tatu, la Mwana wa Mfalme, lilikuwa mbali, na amri ya kuliita ilipelekwa usiku na mpanda farasi. Hadi adhuhuri Waprussia walikuwa wakipondwa na mizinga bila kusogea. Kisha majemadari wa Austria wa ubavu wa kulia waliacha mahali walipowekwa, wakateremka kuugombania msitu wa Svíb, wakatumbukiza humo kikosi baada ya kikosi. Ubavu ukabaki karibu mtupu, na upande huohuo ndiko alikotokea Mwana wa Mfalme. Kwenye saa tisa alasiri kijiji cha Chlum, katikati ya safu za Benedek, kilikuwa mikononi mwa Waprussia. Austria ilipoteza watu wapatao 44,000, karibu nusu yao mateka. Prussia wapatao 9,000.

Lau majemadari wale wangalitulia walipowekwa, yamkini jua lingalizama Benedek akiwa bado juu ya vilima vyake. Lakini asingalifika Berlin. Tarehe 1 Julai, siku mbili kabla, alikuwa amempelekea Kaizari Franz Joseph simu ya kumsihi afanye amani. Mtu wa namna hiyo hata akishinda hukaa alipo na kuhesabu maiti wake. Naona vita vingalirefuka, na Napoleon wa Tatu wa Ufaransa, ambaye alitumaini vita virefu, angalikuja kuwa msuluhishi na kudai ujira wake. Zaidi ya hapo mimi sithubutu. Wapo wanaothubutu. Nimewahi kumsikia msomi mmoja akitoka Chlum hadi Bagamoyo kwa pumzi moja: Benedek angalishinda, nasi tusingalitawaliwa na Wajerumani. Baina ya siku ile na hati ya ulinzi waliyopewa Carl Peters na wenzake tarehe 27 Februari 1885 kuna miaka kumi na minane na ushei, kuna vita vingine na Ufaransa, na kuna Bismarck mwenyewe ambaye kwa muda mrefu hakutaka makoloni. "Ngali" moja haiwezi kubeba mzigo wote huo.

Kurasa bora za kitabu ni zile za Nikolsburg, mwishoni mwa Julai. Mfalme Wilhelm na majemadari walitaka kuingia Vienna na kuinyang'anya Austria ardhi. Bismarck alikataa, aliona kuwa adui wa leo atahitajika kesho. Asimulia kwamba alitoka chumbani kwa Mfalme akiwaza kama si afadhali aanguke kutoka dirishani, ghorofa ya nne, mpaka Mwana wa Mfalme alipokuja kumshika bega na kumwunga mkono. Hapo, kwa mara moja, mwandishi anakubali kwamba jambo lingaliweza kwenda kombo, tena kwa mkono wa mshindi. Huenda alikoleza chumvi, maana aliandika baada ya miaka mingi na akiwa na kinyongo. Hata hivyo, ningempa mwanafunzi kurasa hizo kabla ya ramani yoyote ya mapigano.

Kitabu hakinitoshelezi hasa kwa upande wa Italia. Hapa "ngali" yenyewe inakwama, kwa kuwa tarehe 12 Juni, kabla ya vita, Austria ilitia saini mapatano ya siri na Ufaransa kwamba itaitoa Venetia hata ikishinda. Kabla ya hapo, mwezi Mei, ilikuwa imekubali kuwapa Waitalia jimbo hilo ili wasipigane, na waziri mkuu wao, La Marmora, akakataa kwa sababu alikwisha funga ahadi na Prussia. Basi walipigana. Walishindwa Custoza tarehe 24 Juni. Siku chache baada ya Königgrätz, Austria ilitangaza kumkabidhi Napoleon Venetia, naye aikabidhi Italia. Hata hivyo, tarehe 20 Julai manowari za Italia zilipelekwa Lissa, kwa kuwa serikali ilitaka jimbo liletwe na ushindi wake yenyewe, na pengine na ardhi zaidi juu yake. Manowari mbili zilizama, na zaidi ya mabaharia 600 wakafa. Mwezi Oktoba watu wa Venetia waliitwa kupiga kura.