Mapenzi ya Ng'ambo Yatazamwapo Kiwalani

Filamu za mapenzi yaliyokatazwa ni nyingi, na aghalabu zinazosifiwa mno ni zile zinazorudi nyuma na kuchukua zama zilizopita. Sababu yake si ngumu kuiona. Ukuta wa zamani una jina na bendera, na mara nyingi una tarehe ya kuanguka kwake, hata mtazamaji aweza kuuchukia pasipo kuogopa kwamba yeye mwenyewe ameuegemea. Katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960, ukuta ni Mfalme Akbar, asiyeridhia mwanawe Salim ampende Anarkali, mchezaji wa ngoma za jumba la kifalme. Katika Titanic ya mwaka 1997, ukuta ni madeni yanayomsumbua mama yake Rose, pamoja na merikebu yenyewe, yenye matajiri juu na maskini chini. Filamu hiyo ilipendwa Tanzania hata Joshua Amandus Mtani akaisimulia upya katika kitabu cha picha, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Walakini yafaa kukumbuka kwamba bahari ilimchukua Jack kabla hajadaiwa kodi ya chumba.

Uswahilini nako imepatikana filamu ya namna hiyo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar. Imetolewa katika riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mambo yake ni ya Unguja, miaka ya 1950, utawala wa Waingereza ukielekea ukingoni. Denge ni kijana mpigania uhuru, Yasmin ni binti wa Kihindi aliyekusudiwa mume asiyemtaka, na Mwajuma ni mwanamke wa Ng'ambo anayempa Yasmin mahali pa kulala. Kwa uzuri wa picha, hapana filamu nyingi za Afrika Mashariki zinazoweza kuwekwa kando ya hii. Vichochoro, taa za usiku na nyuso zimetazamwa kwa subira, na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu, amemfanya Mwajuma kuwa mtu kamili tangu anapotokea.

Lakini sifa za Toronto ni jambo moja, na kipimo cha Kiwalani ni jambo jingine. Kiwalani iko kandokando ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, karibu na viwanda vya Barabara ya Nyerere, na sehemu kubwa yake imejengwa bila ya ramani, chumba juu ya chumba cha kupangisha. Katika vitongoji vya namna hii vijana wengi wamejifunza kutazama filamu ndani ya vibanda, wamebanana juu ya mabenchi, na sauti ya mfasiri ikipanda juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo ilikuwa na mabingwa wake, akiwamo Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mfasiri hodari hakutafsiri maneno peke yake. Alieleza nani ana fedha, nani anamdanganya nani, na kwa nini baba mtu amekasirika. Vuta N'kuvute yasema Kiswahili kitamu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa lugha mfasiri asingekuwa na kazi. Kazi angeipata penye swali la fedha, maana hapo filamu ni kimya.

Tofauti ya kitabu na filamu yaonekana mapema. Katika filamu, Denge na Yasmin wanaonana usiku, Yasmin akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Ni mkutano mzuri wa kuutazama, na mtengeneza filamu ana haki ya kufupisha. Katika riwaya ndoa ile inaishiwa kwanza. Yasmin, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, anaingia nyumbani kwa Raza, mwenye duka aliyempita umri kwa mbali sana, na msomaji anakaa naye humo. Anaona ubaridi wa nyumba ile, na anaona jinsi binti anavyotolewa na wazazi wake kama jambo la heshima na la mali kwa pamoja. Atokapo humo kwenda kwa Mwajuma, anatoka mahali ambapo msomaji amekwisha kupajua, hata akaona thamani ya kila hatua. Katika filamu ndoa ni mlango tu, nao wafungwa upesi. Nafasi iliyobaki imechukuliwa na askari wa Mwingereza, na makatazo yote yakaelekezwa kwake.

Hapo ndipo penye kasoro, nayo si ndogo. Mwingereza aliondoka Desemba 1963, na Mapinduzi yakaja Januari 1964. Kama yeye ndiye aliyekuwa ukuta, basi mtazamaji wa leo yu salama, kisa kimekwisha. Historia ya Unguja haikubali hesabu hiyo. Mnamo Septemba 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na likasemwa hadharani kuwa ni jambo la kuchanganya mataifa na kuvunja ubaguzi. Ukuta wa rangi ulitajwa kama umebomolewa, na binti akabaki palepale alipokuwa Yasmin katika nyumba ya Raza, yaani pasipo kuulizwa. Filamu haikulazimika kufika mwaka 1970. Ilitakiwa tu kujua kwamba katika kisa hiki neno zito ni lile "sitaki" la Yasmin, wala si bendera iliyopepea juu ya kituo cha polisi. Ikhlas Gafur Vora, anayeigiza Yasmin, analijua neno hilo. Macho yake yanalisema mara nyingi kuliko alivyopewa maneno ya kulisema.

Ukuta wa mahali nao wastahili kutazamwa. Unguja, mkono wa bahari ulitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, jina la Darajani likabaki. Dar es Salaam ilikatwa vivyo hivyo tangu enzi ya Wajerumani, Uzungu­ni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo. Kiwalani imekua nje ya mistari hiyo. Humo Mzaramo amepanga ukuta mmoja na Mhaya na Mmakonde, wanaoana, na wazee wakigomba hugomba kwa muda. Kinachokata huko ni mahari yasiyopatikana, kodi inayodaiwa ya miezi sita kwa mara moja, na binti anayesifiwa kwa kupata mume mwenye gari. Kijana wa huko aliyesoma riwaya hii katika Kidato cha Tano au cha Sita, iliposomeshwa kwa ajili ya mtihani, hana shida ya kumtambua Raza. Hamwoni kuwa Mhindi kwanza. Amwona kuwa mwenye duka.

Haisemwi hapa kwamba Shivji hajui mambo ya fedha. T-Junction ni filamu yake iliyotangulia hii. Ni ya mwaka 2017, na Dar es Salaam yake ina wachuuzi wa njia panda na msiba wa nyumba yenye damu mbili, mambo ambayo Kiwalani haihitaji kuelezwa. Kurudi kwake zama za nyuma kumempa mavazi, mwanga na nyimbo, kukamnyang'anya daftari la madeni. Na mtu wa kulishika daftari hilo alikuwamo tayari. Mwajuma anaishi kwa sauti yake na kwa hisani ya marafiki, anampokea mgeni asiye na senti, na chumba chake ndicho kinachowapa wapenzi wale kivuli. Katika filamu nzima hapana anayemwuliza kodi ya chumba hicho hulipwa na nani.