Barafu Ilikwisha, Woti Ikiwa Bado ya Moto

Tuanze na barafu, kwa maana hapo ndipo bia ya mtama iliyopikwa kwenye kiwanda kidogo nje ya mji wa Embu ilipoharibikia. Mliofika mlijionea. Moto ulikuwa ndiyo kwanza umezimwa, lita 200 za woti, yaani maji ya nafaka yasiyotiwa chachu bado, zinatokota, mpishi akatumbukiza mitungi yake yote 8 ya barafu, lita 5 kila mmoja, ndani ya pipa lenye koili ya kwanza, ile inayopoza maji kabla hayajafika kwenye koili ya woti. Kisha akafungulia maji ya bomba. Dakika 20 hivi baadaye barafu yote ilikuwa imeyeyuka na kipimajoto kinasoma 52. Kuanzia hapo alibaki na maji matupu ya nyuzi 26, na woti ikagoma kwenye 31.

Simung'unyi maneno: huo ulikuwa uamuzi mbovu.

Joto huhama upesi pale tofauti inapokuwa kubwa. Embu iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo woti huchemka kwenye nyuzi 95 na kidogo. Kati ya hapo na maji ya 26 kuna pengo la karibu nyuzi 70, na kwa pengo hilo hata maji ya vuguvugu yanaimudu kazi bila kusaidiwa na mtu. Ni woti ikishafika 35, pengo likiwa nyuzi 9 tu, ndipo bomba linapoishiwa nguvu. Barafu inangojewa hapo. Piga hesabu uone. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kilo 40, ukijumlisha na ubaridi wa maji yanayobaki, ni megajuli 15 hivi. Zingeanzia kwenye 35, na maji yakipunguzwa kasi, zingeifikisha woti karibu na 20, mahali ambapo chachu ya bia aina ya eli inafanya kazi kwa raha. Zikitumika kule juu, zinashusha nyuzi 18 tu, kazi ambayo bomba lingeifanya lenyewe kwa dakika chache. Ni kama kocha kumaliza wachezaji wake wote wa akiba kabla ya mapumziko.

Najua atakavyojitetea: alitaka kupoza haraka ili woti isitoe ile harufu ya mahindi ya kuchemsha. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini harufu hiyo huzaliwa woti ikiwa juu ya nyuzi 80 hivi, na bomba peke yake lingeivusha hapo upesi. Hoja ya haraka haimwokoi.

Kisha, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine mkononi, akamwaga chachu kwenye 31. Chachu ya kawaida ya eli ikianza kwenye joto hilo hutoa pombe nzito zenye ukali wa kuchoma koo na harufu ya thina. Usiku wa Embu hushuka chini ya nyuzi 20 mwaka mzima. Angefunika tangi lililosafishwa vizuri, akalala, akaamkia woti iliyo tayari. Wapika bia wa majumbani Australia humimina woti ya moto kwenye mtungi, wakaufunga kabisa, na kutia chachu kesho yake.

Mengine yalikwenda vizuri: mtama wa Mbeere ulisagwa sawasawa, ulichemshwa dakika 90 kama mwinuko wetu unavyotaka, na koili ya shaba ya mafundi wa jua kali haikuvuja hata tone.

Mtama ndio unaonitia uchungu. Mwaka 2013 serikali ilipoibandika kodi Senator Keg, bia iliyopikwa kwa mtama, wakulima wa Mbeere na Tharaka waliachiwa magunia yao. Tangu hapo nasema mtama huu unahitaji wapishi wa papa hapa. Wapishi wamepatikana, basi wasiutie kwenye pipa la nyuzi 31.

Na lile tangi jeusi juu ya paa, linalotupa maji ya bomba ya nyuzi 26, nimeliandika sana na sitachoka. Rupingazi na Kathita zinateremka kutoka Mlima Kenya na maji yake baridi. Sisi tunayapandisha paani yakaokwe na jua mchana kutwa, halafu tunalalamika kwamba maji ni ya moto.

Waliotutangulia walikuwa makini kuliko hivi. Bavaria, kwa amri ya 1553, haikupikwa bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29, kwa sababu ya joto. Na kabla mashine ya kupoza ya Carl von Linde haijaingia kwenye kiwanda cha bia cha Spaten miaka ya 1870, barafu ilikatwa maziwani wakati wa baridi ikatunzwa hadi siku za joto ilipohitajika. Wazee wetu waliopika pombe ya muratina nao walikiweka kibuyu karibu na moto kwa makusudi, kwa kuwa chachu yao ilipenda joto. Walijua chachu inataka nini kabla ya kugusa chochote.

Wapika bia wa Meru na Embu, nawaomba: tekeni maji alfajiri, tangi liwe kivulini au lipakwe rangi nyeupe, na barafu ibaki kwenye friza mpaka kipimajoto kisome 35.