Nimeivaa Sierra Juu ya Diani, na Sitaki Kuivua!

Jamani, ipo! Hedseti ya rubani inayozima mngurumo wa injini, inayoungana na simu kwa Bluetooth, inayotumia betri mbili za AA zinazouzwa katika duka lolote pale Ukunda, na ambayo bei yake haimlazimishi mtu kuuza kipande cha shamba la minazi. Inaitwa Sierra. Watengenezaji wake ni Lightspeed, kampuni iliyoanza mwaka 1996 huko Oregon, Marekani. Nimeivaa kwa mara ya kwanza ndani ya Cessna 172 ya kukodi, kutoka kiwanja cha Ukunda hadi juu ya Kisite na kurudi, na naandika haya msisimko ukiwa bado haujaniisha mwilini.

Basi nieleze ule wakati wa kubonyeza kitufe. Injini imeshawaka, tunasubiri ndege ya abiria iliyotoka Nairobi itue na kuondoka njiani. Sierra iko kichwani lakini sijaiwasha. Hata hivyo inafanya kazi yake: upepo na mlio wa vyuma umepungua, kama ambavyo hedseti yoyote nzuri ingeupunguza. Kilichobaki ni lile vumo zito la chini, lile ambalo kila aliyepanda ndege ndogo analijua, linaloingia kwenye meno na kutetemesha kifua. Nikabonyeza. Vumo likaondoka! Halikufifia taratibu, liling'oka. Nilimgeukia mwalimu wangu aliyekaa kulia nikamkuta anacheka, maana uso wangu ulikuwa umeshasema kila kitu.

Injini unaendelea kuisikia, na ni lazima uisikie. Lakini sasa unaisikia kwa mbali na kwa usafi, kiasi kwamba ukipunguza mafuta kidogo tu, badiliko la mlio linajitokeza lenyewe. Nilidhani kimya kingenitenga na ndege. Kinyume chake, nilianza kuisikiliza vizuri zaidi.

Sababu yake inapendeza, na yeyote anaweza kuipigia hesabu. Propela ya Cessna 172 kwa kawaida ina mapanga mawili. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hiyo ni mara 40 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko unapitisha mapanga mawili, hewa inapigwa mara 80 kila sekunde. Sasa tazama injini: silinda nne, na katika kila mzunguko silinda mbili hulipua mafuta. Ni mapigo 80 tena! Kelele kubwa ya ndege hii yote imejikusanya chini kabisa, kwenye besi. Sponji na plastiki ngumu huzuia sauti nyembamba vizuri sana, ila besi hupenya bila shida. Hapo ndipo teknolojia ya kuzima kelele inapoingia. Maikrofoni ndogo ndani ya kikombe cha sikio husikiliza vumo linaloingia, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake: hili likipanda lile linashuka, na yakikutana yanauana. Mbinu hiyo ina nguvu hasa kwenye sauti za chini, yaani palepale ambapo ndege zetu ndogo hutupigia makelele.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936, lakini vifaa vya zama zake havikuweza kulibeba. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, alikerwa na kelele zilizomharibia muziki masikioni, akaanza kupiga hesabu palepale kwenye kiti. Desemba 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia kwa ndege ya Voyager kwa siku tisa bila kutua wala kujaza mafuta, wakiwa na hedseti za majaribio kutoka kwa Bose. Mwaka 1989 rubani wa kawaida akaweza kuinunua dukani, kama alikuwa nazo.

Na hilo la kuwa nazo ndilo tatizo letu mpaka leo. Rubani wa kujifurahisha hapa Pwani si tajiri kama watu wanavyodhani. Wengi wetu tunakodi ndege kwa saa, tunagawana gharama na marafiki, na kila shilingi tunayoiacha dukani ni dakika tunayoipoteza angani. Bose A30, iliyotoka mwaka 2023, ni kifaa cha ajabu, lakini inakaribia dola 1,300, kama shilingi 168,000. Lightspeed wenyewe wana Zulu 3, nayo nzuri mno, ila bado inakimbilia dola 900 na zaidi. Upande wa pili kuna David Clark H10-13.4, ile ya kijani inayotengenezwa Worcester, Massachusetts, ambayo utaikuta imening'inia karibu kila chuo cha urubani duniani. Hiyo ni takriban shilingi 50,000, haivunjiki hovyo, na naiheshimu. Lakini haina betri wala ujanja wowote. Inategemea sponji na mbano tu, na lile vumo la mapigo 80 linapita.

Sierra imekaa katikati, karibu dola 700, yaani kama shilingi 90,000. Ni pesa, sikatai. Lakini kwa pesa hiyo unavuka mto wenyewe, kutoka upande wa kuvumilia kelele hadi upande wa kuzizima. Zile shilingi 78,000 nyingine unazotakiwa kuongeza ili uvae A30 zinakupa kimya kirefu zaidi na wepesi kichwani, na hilo ni kweli kabisa, lakini hatua iliyo kubwa kuliko zote umeshaipiga.

Lightspeed wana pia Delta Zulu, yenye kifaa ndani yake kinachotambua kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumlaza rubani usingizi wa mauti. Naisifu sana. Ila mara nyingi gesi hiyo huingia kupitia mfumo wa kupasha joto chumba cha rubani, unaochukua joto lake kwenye bomba la moshi. Nani amewahi kuwasha hita juu ya Msambweni? Hatari haiishi kabisa, kwa hiyo nunua kigunduzi kidogo cha pembeni ukibandike mbele yako, na hedseti iache ifanye kazi ya hedseti.

Turudi angani, maana huko ndiko Sierra iliponimaliza. Tuliruka tukafuata ufuo kuelekea kusini: Galu, Kinondo na msitu wake wa kaya, kisiwa cha Chale, mikoko ya Gazi, kisha Msambweni. Mwamba wa matumbawe ulikuwa upande wa kushoto muda wote, maji ya kijani ndani yake na buluu nzito nje. Redioni waongozaji wa Mombasa walikuwa wakizungumza na ndege kubwa, na nilisikia kila herufi na kila tarakimu. Kila moja! Kwa kawaida katika njia hii nimezoea kukisia nusu ya maneno na kuomba nusu nyingine irudiwe. Tulipofika usawa wa Funzi mwalimu akaniuliza, "Kijana, leo mbona husemi 'rudia' hata kidogo?" Nikamjibu, "Mwalimu, leo nakusikia hata ukivuta pumzi."

Hilo si starehe tu. Ukunda ni kiwanja chenye njia moja ya lami, na humo humo zinaingia ndege za abiria, ndege za kukodi na ndege inayowapandisha warukaji wa miavuli wa Diani. Hakuna atakayekuandikia ujumbe kwamba watu wanashuka na miavuli juu ya kichwa chako. Utasikia redioni, au hutasikia.

Halafu kuna masikio yenyewe. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa ukomo kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hukatika nusu. Ukifika desibeli 94, una saa moja. Ndani ya ndege ndogo ya pistoni si ajabu kabisa kufika huko, na kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, hadi Ukunda kwa 172 ni zaidi ya saa mbili. Piga hesabu mwenyewe. Sikio likishaharibika halirudi, na hakuna duka linalouza spea zake.

Kwenye kisanduku cha vitufe kuna gurudumu la sauti kwa kila sikio, sikio la kulia na la kushoto kila moja na lake, jambo zuri kwa yeyote ambaye sikio moja limeshachoka. Ukisahau kuizima inajizima yenyewe. Bluetooth niliipenda kuliko nilivyotarajia: niliweza kumpigia rafiki aliyeko Shimoni na kumuuliza hali ya mawingu huku injini ikiwa imeshawaka nasi tukiwa bado ardhini, naye hakujua kama niko ndani ya ndege. Taarabu niliiweka kidogo tulipokuwa juu ya bahari, ikatoka tamu. Karibu na kiwanja nilizima muziki, nawe fanya hivyo.

Kasoro zake nazitaja kwa mapenzi. Ni nzito kuliko Bose A20, iliyoitangulia A30, ambayo ina gramu 340 tu, na shingo itakukumbusha hilo katika safari ndefu. Kile kisanduku cha betri kinapenda kuteleza katikati ya viti, hivyo kitafutie mahali pa kukibana. Na joto letu, hasa kaskazi ikilegea, hulowesha mito ya masikio kwa jasho. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukitua, usiiache juani juu ya dashibodi, na sponji ya maiki ibadilishe mara kwa mara kwa sababu chumvi ya bahari hukaa humo.

Mambo mawili yataharibu kimya hicho hata kama umelipa vizuri. La kwanza ni upenyo kati ya mto na ngozi. Vaa miwani ya jua yenye mikono myembamba, na marubani wanaojifunga hijabu wachague kitambaa chepesi cha pamba kisicho na mshono wala pini chini ya mto. La pili ni plagi. Ndege nyingi ndogo za Cessna na Piper hutumia plagi mbili, moja nene ya sauti na moja nyembamba ya maiki, ilhali helikopta nyingi hutumia moja tu. Wapo waliopokea mzigo wao, wakaufungua kwa furaha, kisha ukakataa kuingia ukutani mwa ndege. Tazama matundu ya ndege unayoirusha kabla hujaagiza, na uliza mapema kuhusu ushuru na VAT ya asilimia 16.

Uamuzi wangu, basi. Mwenye shilingi 50,000 achukue David Clark ya kijani, avae na vizibo vya masikio chini yake, aongeze sauti ya redio, na ataruka salama. Mwenye 168,000 na asiyehesabu, A30 inamsubiri. Lakini wewe unayekodi ndege kwa saa, unayekuja Ukunda Jumamosi asubuhi kwa sababu tu unapenda kuiona Wasini kutoka juu, nunua Sierra. Kama hutaki kuniamini, mwombe mwenzako akuazime yake, washa injini, kisha bonyeza kile kitufe.