Mtoto Asiyetarajiwa: Uamuzi wa Neema katika Chozi la Heri

Mtoto mchanga anayewaangukia watu wasiojiandaa kumlea ni kisa kinachopendwa katika vichekesho. Katika filamu ya Marekani ya Three Men and a Baby (1987), iliyotokana na filamu ya Kifaransa ya mwaka 1985, wanaume watatu wanamkuta mtoto mlangoni mwao. Hawajui kumlisha wala kumfunga nepi, na kutojua huko ndiko kunakotuchekesha. Vichekesho vya familia katika runinga hufuata mkondo uo huo: mtoto huleta vurumai, wakubwa hujifunza, na kabla ya kipindi kwisha mambo hutengemaa.

Assumpta K. Matei anakitumia kisa hiki bila kicheko katika Chozi la Heri, riwaya iliyokuwa teule kabla ya Nguu za Jadi. Neema anamwokota mtoto mchanga aliyetupwa. Anampeleka kituo cha polisi, kisha katika makao ya watoto ya Benefactor. Mtahiniwa akiulizwa sifa za Neema, aghalabu huandika kwamba ana huruma, akatoa mfano huo na kuendelea mbele. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Huruma ni hisia. Kinachoonekana hapa ni uamuzi. Kichekesho huuliza, "Je, wataweza kulea?" Riwaya inauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" Neema anajibu kwa vitendo: ni wa yeyote aliyemwona.

Tuzingatie majazi. Mtoto huyu anaitwa Riziki Immaculata. Riziki ni neema itokayo kwa Mungu. Immaculata ni asiye na doa. Aliyetupwa kama taka anapewa jina la usafi. Hicho ni kinaya kinachomshtaki aliyemtupa na jamii iliyomfikisha huko. Baadaye Neema na mumewe, Mwangemi, wanaasili mtoto mwingine, Mwaliko. Jina hili nalo lina uzito. Riziki alikuja bila kutarajiwa, Mwaliko amealikwa. Kati ya majina haya mawili tunaona ukuaji wa mhusika: kutoka kuokoa maisha ya mtoto hadi kumfanya mwana wa nyumbani. Mtahiniwa anayeonyesha hatua hizi mbili amechambua. Anayetaja huruma pekee amesimulia.

Hata hivyo, kazi hii ina udhaifu wake. Mwandishi anategemea mno sadfa. Umu, Dick na Mwaliko, ndugu waliotenganishwa, wanakutana tena wakiwa katika familia zenye uhusiano wa damu. Msomaji anafurahi, lakini hapo riwaya inakaribia mwisho wa kichekesho cha runinga, ambapo kila kitu hupata mahali pake. Aidha, Riziki anabaki pembeni ya masimulizi. Tunafuatilia safari ya Mwaliko kwa karibu, ilhali yule aliyetufungulia swali la malezi hapewi nafasi kama hiyo. Mwalimu na awaulize wanafunzi: je, kimya hicho ni dosari, au ndiyo hali halisi ya watoto wengi waliotupwa?

Tahadhari moja ya darasani. Katika shule zetu, iwe hapa Kambu au kwingineko, wamo wanafunzi waliolelewa na nyanya, shangazi au watu wasio wa ukoo wao. Swali la Neema kwao si la mtihani tu. Haifai kumtaka mwanafunzi atoe ushuhuda wa kwao, wala kuliacha neno "mtoto wa kuokota" litumike kama tusi la kuchekesha darasa. Maudhui ya malezi yafundishwe kupitia kwa wahusika. Mwanafunzi atakayejiona ndani ya Mwaliko atajiona kimyakimya, naye atakuwa ameelewa kwamba mzazi ni anayelea.